Amewekwa Oksijeni

Huku Gatwekera, ukiwaambia watu kwamba mgonjwa wako amewekwa oksijeni, wanaanza kukuangalia kama mtu aliyefiwa. Sitanii. Julai 2023, Mama alipolazwa, nilimpigia mjomba simu kumweleza hali yake, na swali lake la pili lilikuwa kama tumeshaulizia gari la kwenda Siaya. Gari la kubeba maiti, yaani. Wakati huo Mama mwenyewe alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, akilalamika kwamba chai ya wodi haina majani.

Mjomba si mtu mbaya. Alikuwa anafuata kalenda ambayo sote tunaijua: mtu anaugua, anapelekwa hospitali, "amewekwa oksijeni", halafu kamati, halafu mchango, halafu basi la usiku. Hiyo sentensi ya katikati imekuwa kama tangazo la kifo linalotangulia kifo.

Na haikuanza bure. Mwaka wa 2021, corona ilipokuwa kali, jirani yetu wa plot, dereva wa matatu, alikaa na homa nyumbani siku tisa akinywa maji ya tangawizi. Aliogopa hospitali kwa sababu ukienda unawekewa oksijeni, na ukiwekewa hiyo hurudi. Walipombeba hatimaye, kwa mkokoteni hadi barabarani maana ambulensi haiwezi kupita vichochoro vyetu, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alifariki siku ya pili akiwa na barakoa usoni. Plot nzima ikapata ushahidi. Mwamvuli hauleti mvua, lakini kama maisha yako yote umeuona mwamvuli siku za mafuriko peke yake, utaelewa mtu akianza kuuogopa.

Basi Mama naye alipofikishwa wodini akihema kama aliyekimbia kutoka Adams, jambo la kwanza alilofanya ni kushika mkono wa nesi. "Hiyo kitu usiniwekee. Hizo ni vitu za kufa."

Nesi hakubishana naye. Alimwekea kidoleni kile kidude kama kibanio cha nguo, akamgeuzia aone mwenyewe. Kiliandika 81. Akamwambia, "Mama, mtu mzima hapa angekuwa juu ya 95. Wacha nikupee kidogo, tuone hii namba itafanya nini. Ukikataa bado, nitatoa." Akamvalisha mrija mwembamba wenye vidomo viwili vinavyoingia puani, akazungusha kifundo ukutani, akasimama hapo hapo. Dakika chache baadaye namba ilikuwa 89. Mama akaitazama, akanitazama, hakusema kitu. Mrija ukabaki.

Hicho kidude kidoleni kinaitwa oksimita. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kupima damu imebeba oksijeni kiasi gani, bila sindano. Wazo lake lilitoka kwa Mjapani aitwaye Takuo Aoyagi mwaka wa 1974, na Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati huo huo dunia nzima ilipokuwa inakitafuta kidude chake madukani. Lakini kuna jambo ambalo sisi hasa tunafaa kulijua. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kidude hiki kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Mwanga unasumbuliwa na rangi ya ngozi. Nesi alikuwa anajua. Alituambia namba inayopakana na hatari tusiitegemee peke yake. Tumtazame na mtu mwenyewe.

Shida ilianza siku ya pili, na haikuanzishwa na Mama. Ilianzishwa na kaka yangu.

Kitanda cha jirani kulikuwa na kijana aliyevalishwa barakoa kubwa yenye mfuko chini yake, mfuko unaojaa na kupungua akipumua. Mtungi wake ulikuwa unavuma. Kaka akaangalia ile barakoa, akaangalia vidomo viwili vya Mama, akanivuta hadi koridoni. "Kwani sisi tumepewa ya maskini? Ni NHIF inakataa ama ni nini?"

Nakiri swali lilikuwa na mantiki ya mtaani. Kubwa ni bora. Inayovuma ni bora. Lakini tulipompelekea nesi hasira zetu, tulipata somo ambalo hadi leo nashangaa kwa nini halifundishwi pamoja na lile la kunawa mikono.

Hewa hii tunayovuta sote, ya Kibera na ya Karen, ina oksijeni asilimia 21. Mrija wa puani ukiwekwa lita moja kwa dakika unaipandisha hadi kama 24. Lita mbili, kama 28. Ni makadirio, kwa sababu mgonjwa bado anavuta pia hewa ya chumba pembeni ya vidomo. Ukipita lita sita pua inakauka na faida inakwisha. Hapo ndipo barakoa ya kawaida inaingia, na barakoa ina sharti: isipungue lita tano kwa dakika. Ukimfunika mtu pua na mdomo halafu umpe lita mbili, anaanza kuvuta tena pumzi chafu aliyoitoa. Umemfunga karatasi ya nailoni usoni kwa adabu. Na ile ya mfuko inataka lita 10 hadi 15, mfuko ubaki umejaa, na inampa mgonjwa oksijeni nyingi sana, karibu asilimia 90 ikikaa vizuri. Ni ya mtu ambaye mapafu yake yameshindwa leo hii, kama yule kijana mwenye nimonia.

"Sasa Mama yeye mapafu yake yalianza kushindwa lini?" nesi akauliza.

Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukuwahi kufikiria kwamba yalikuwa yanashindwa. Mama amekaanga samaki kando ya barabara karibu na Olympic miaka 26. Anauza hasa mgongo wazi, zile fremu za mbuta zinazobaki viwanda vikishatoa minofu. Unakaanga hadi mfupa unatafunika, na kwa bei ndogo watoto wanalala wameshiba samaki. Sisi tumesomeshwa na mgongo wazi. Moto ni wa kuni, na kuni zikipanda bei ni mbao zozote za kutupwa. Kila jioni, saa tano au sita mfululizo, uso juu ya moshi. Hajawahi kuvuta sigara hata moja, na daktari alipotamka COPD, ugonjwa sugu wa mapafu ambao tuliufahamu kama wa wavutaji, kaka yangu karibu amkosoe. Daktari akasema moshi ni moshi, mapafu hayaulizi umetoka kwa sigara au kwa samaki.

Hapo ndipo lile somo lilipogeuka. Kwa mtu aliye na mapafu kama hayo, oksijeni nyingi inaweza kuwa sumu. Mwili wake umezoea kuishi na kidogo. Ukimmwagia nyingi, mapafu yanavuruga mpangilio wao, hewa ya kaboni inajikusanya kwenye damu, mtu anaanza kusinzia. Ndugu wanaona amepumzika. Wanashukuru Mungu. Naye anateleza polepole. Ndiyo maana faili ya Mama iliandikwa kwa kalamu nyekundu: 88 hadi 92. Si 95. Si 100. Namba ambayo kwa yule kijana ingekuwa sababu ya kupiga mbio, kwa Mama ndiyo ilikuwa shabaha.

Baadaye nilisoma kwamba daktari mmoja, Moran Campbell, mwaka wa 1960 alitengeneza barakoa maalumu kwa watu kama Mama, yenye kitundu kinachochanganya oksijeni na hewa ya chumba kwa kipimo kisichobadilika hata mgonjwa akihema vipi. Inaitwa barakoa ya Venturi. Mtu alikaa chini akatumia akili yake yote kuhakikisha mgonjwa hapati oksijeni zaidi. Na kabla ya hapo, miaka ya 1940 na 1950, watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati walipofushwa na oksijeni nyingi kwenye mashine za kuwatunzia joto. Stevie Wonder ni mmoja wao. Alizaliwa 1950, wiki sita kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo ni dawa. Ina dozi, ina njia yake ya kuingia, ina mtu ambaye haimfai. Hakuna anayesema "amewekwa Panadol" kwa sauti ya msiba.

Mama aliruhusiwa mwanzoni mwa Agosti, na karatasi: lita mbili kwa mrija wa puani, angalau saa 15 kila siku, nyumbani. Hizo saa 15 hazikuokotwa. Zilitokana na majaribio mawili, moja la Marekani lililochapishwa 1980 na jingine la Uingereza la 1981, ambayo yalionyesha kwamba wagonjwa wa mapafu sugu wenye oksijeni ya chini sana damuni wanaishi muda mrefu zaidi wakiitumia hivyo nyumbani. Tatizo ni kwamba aliyepanga majaribio hayo hakuwa amefikiria ten by ten.

Tulikodisha mashine. Inafanana na friji ndogo yenye magurudumu, na kazi yake ni ya ajabu kidogo: inavuta hewa ya chumba, inaisukuma kupitia chembechembe za madini yaitwayo zeolaiti, zeolaiti zinashika naitrojeni, na upande wa pili inatoka oksijeni ya karibu asilimia 93. Hakuna kujaza, hakuna lori. Inaitengeneza hapo hapo kutoka kwa hewa ya Gatwekera, hewa ile ile yenye harufu ya mtaro na chapo. Kodi yake ya mwezi ilikuwa mara tatu ya kodi ya nyumba.

Sheria ya kwanza waliyotupa: moto ukae angalau mita tatu kutoka kwa oksijeni. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inafanya kila kitu kingine kiwake kwa fujo. Nyumba yetu kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma ni mita tatu. Kwa hiyo jiko likatoka. Tukawa tunapikia kwa jirani, na Mama, ambaye miaka 26 moto ulikuwa ndiyo kazi yake, akawa hawezi hata kuwasha mshumaa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Dada yangu akachukua kibanda cha samaki. Sijui kama kuna kitu kilimuuma Mama zaidi ya hicho. Mrija puani aliuzoea kwa wiki moja. Kukaa ndani jioni akisikia wateja wanapita hakukuzoea.

Sheria ya pili: stima. Mashine inakula kama wati 350. Kwa saa 15 hiyo ni zaidi ya uniti tano kila siku. Na plot yetu ilikuwa ya sambaza, ile unalipa pesa ya mwezi kwa balbu mbili na redio. Mwenye plot alivumilia wiki mbili kwa heshima ya Mama, kisha akaja akiwa mpole sana, mpole wa kutisha, kuuliza mgonjwa atapona lini.

Halafu ikaja Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023. Unaikumbuka hiyo usiku. Karibu saa nne kasorobo stima ilipotea nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa giza, na Twitter ikajaa vichekesho. Sisi hatukuwa Twitter. Mashine ililia mlio mrefu mmoja, ikanyamaza, na kimya chake kikajaa chumba.

Tulikuwa na mtungi mdogo wa akiba, ule wa kwenda nao kliniki. Ukijaa unabeba lita 680. Nilimulika geji kwa simu: nusu. Lita 340. Kwa lita mbili kwa dakika, hiyo ni dakika 170. Ingeisha saa sita na nusu usiku hivi. Kwa lita moja, hadi saa tisa na ushee. Nilimpigia yule nesi, ambaye alikuwa ametupa namba yake bila kulazimishwa na mtu yeyote, akapokea akiwa gizani kwake pia.

"Namba yake ni ngapi?"

"Tisini."

"Shukisha hadi lita moja. Mkalishe wima, asitembee. Ikikaa 88, mwache hapo. Na mkumbuke, karatasi inasema saa 15, si 24. Kuna saa mwili wake unaweza kuvumilia bila. Lakini ikishuka chini ya 85 na ibaki huko, ama aanze kuongea vitu hazieleweki, ama asinzie vibaya, msingoje stima. Mbebeni."

Nikazungusha kifundo hadi moja. Hapo ndipo watu walipoanza kuingia, kwa maana huku giza halizuii mtu kuja kukujulia hali, linamleta. Jirani wa mkono wa kushoto, mama ambaye ametufuta kamasi tukiwa wadogo, aliona nikipunguza na akashika kichwa. "Ongeza! Ongeza mpaka mwisho! Mama anahema na nyinyi mnapunguza?" Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, si kwa ubaya, "Mnamhesabia mama yenu pumzi kama token."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ndicho tulichokuwa tunafanya. Nilikuwa na kalamu na karatasi ya risiti, naandika: 89. 88. 88. 90. 88. Mama alikuwa anapuliza kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai, alivyofundishwa wodini, macho yake juu yangu. Wakati fulani aliuliza, "Iko ngapi?" Nikasema 88. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei.

Kuelekea saa saba kulikuwa na kelele nje. Vijana watatu walikuwa wameenda kumwamsha fundi wa welding wa Kibera Drive, na wamesukuma mtungi wake mrefu wa oksijeni kwa mkokoteni gizani hadi mlangoni kwetu. Walikuwa wanatiririka jasho. Oksijeni si oksijeni? Nilipiga simu tena. Nesi akasema hapana, na akasema kwa haraka: ule wa fundi hakuna aliyeupima kwa ajili ya mgonjwa, hujui umejazwa pamoja na nini, na kichwa chake kinapima presha ya kuchomelea, si lita za kupumua, utampasua. Ilibidi nitoke nje niwaambie. Sijawahi kukataa zawadi kubwa kuliko hiyo. Hawakukasirika. Waliketi juu ya mtungi wao hadi asubuhi, wakisema kama ni kubeba, watabeba.

Mtungi wetu uliisha saa tisa na nusu, karibu kabisa na hesabu. Mama akabaki bila. 87. 86. 86. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na viatu. 86. Nje jogoo wa mtu akawika mapema kama kawaida ya majogoo wa Kibera. Mama hakusinzia, alianza kumsema dada kwamba mafuta ya jana hayakuchujwa vizuri, samaki walikuwa na ladha ya kuungua. Maneno yalieleweka kabisa. Kulipopambazuka ilikuwa 87.

Stima ilirudi Jumamosi mchana. Mashine ikalia tena ule mlio wake, na wale vijana wakarudisha mtungi kwa fundi, ambaye alidai soda.

Watu huniuliza suluhisho ni nini, na kwa kweli sehemu kubwa ya jibu haiko mikononi mwa plot yoyote. Kuna waliolishughulikia upande wa ugavi: Hewatele, ambayo Dkt. Bernard Olayo ni mmoja wa waasisi wake, ilianza 2014 na kujenga mtambo wa oksijeni Siaya, huko huko mjomba alikotaka gari lielekee. Napenda jina hilo. Ila mtambo unajaza mtungi wa hospitali. Haumvukishi mtu kutoka hospitali hadi kwenye nyumba isiyo na mita yake mwenyewe.

Sisi tulihama mbio tatu kutoka pale, plot yenye mita, kodi juu. Dada ameanza kutumia gesi kwa zile saa mvuke wa kuni ulikuwa mkali zaidi, ingawa wateja wanasema mgongo wazi wa gesi hauna kitu fulani. Mama hutumia saa zake tisa za uhuru kwa hesabu ya mfanyabiashara: mbili asubuhi kwa kanisa au jirani, nyingine jioni kibandani, ameketi mbali upande ambao upepo unatoka, anaelekeza kwa kidole.

Mwezi uliopita kijana kutoka Kisumu Ndogo aliletwa kwetu. Babake ameruhusiwa kutoka hospitali na karatasi, mashine yao inafika kesho, na usiku ulikuwa unaingia. Alisimama mlangoni akamwona Mama na mrija wake, akisuka mkeka wa mazungumzo na wanawake wawili, na nadhani alikuwa amejiandaa kwa picha nyingine. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu ndiye aliyewekwa oksijeni. Nikasema ndiye. Karatasi yake ilisema lita moja, mrija wa puani, 88 hadi 92. Nikatoa mtungi chini ya kitanda. Geji ilikuwa robo tatu, tukaketi kwenye ngazi tukapiga hesabu: lita 510, saa nane na nusu. Mama akapaza sauti kutoka ndani, "Mwambie jiko litoke nje kwanza."